Mfuko wa sadaka wa mtaa hapa Malindi: unaanzia wapi, unagawa vipi

Kila mwezi wa Rajabu ukiandama, miezi miwili kabla ya Ramadhani, simu yangu huanza kulia. Vijana wa Barani, wa Maweni, dada zetu wa Kisumu Ndogo, mwaka jana mpaka kutoka Mambrui, na swali ni lile lile: "Dada, tunataka kukusanya mchango wa Ramadhani mtaani kwetu, tuanzie wapi?" Nimejibu kwa sauti za WhatsApp mpaka koo limekauka, kwa hivyo leo naandika yote mara moja, na mwenzio akikuuliza mtumie hii.

Mimi si sheikh wala wakili wa mahakamani, ni mweka hazina tu wa kikundi cha mtaa, na mengi hapa nimejifunza kwa kukosea. Mambo ya fiqhi, yaani sheria za dini, nitakayoyagusa ni ya madhehebu ya Shafii ambayo wengi wetu huku pwani ndiyo tuliyosomeshwa chuoni, ukiwa na lako mahsusi muulize ustadhi wako.

Alafu jambo la kwanza ulijue kabla hujaendelea: kupata pesa si kazi. Watu wa Malindi wanatoa, muuza mahamri atakupa mia yake na mwenye duka la jumla atakupa gunia. Kazi ni mbili tu, kutochanganya pesa za watu, na kuandika orodha ya kweli ya wanaostahiki. Vikundi nilivyoviona vikivunjika, vyote vimevunjikia kwenye moja ya hayo mawili.

Na sisi hapa hatuna baitul-mali ya nchi, yaani hazina ya Waislamu, ya kutuokoa. Sensa ya 2019 ilituhesabu Waislamu karibu asilimia 11 ya Kenya nzima, ukiwa Shella siku ya Ijumaa huwezi kuamini lakini ndivyo ilivyo, kwa hivyo zaka hapa haikusanywi na serikali, inakusanywa na mimi na wewe na kaunta buku.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Watu watano wa kuaminika, wasipungue wawili wanawake. Sababu utaiona kwenye orodha.
- Idhini ya imamu au kamati ya msikiti wenu.
- Kaunta buku kubwa, si daftari la shule linalochanika, na kalamu ya wino isiyofutika.
- Laini mpya ya simu ya M-Pesa isiyotumika kwa kitu kingine chochote.
- Bahasha kubwa nne, nitaeleza.
- Mizani, na kama bibi yenu bado ana pishi na kibaba cha zamani kiazime.
- Chumba kikavu kisicho na panya. Unga ukilala chini wiki mbili bila mbao chini yake, nusu utakuwa wa kuku.
- Muda. Anza katikati ya Rajabu. Ukianza Ramadhani ishaingia utagawa kwa kukisia.

Hatua ya 1: Kubalianeni mipaka

Kaeni kikao kimoja, chai na mkate wa mofa, muulizane mtaa wenu unaanzia wapi na unaishia wapi. Kabisa, njia hii mpaka njia ile. Msipoweka mpaka mtajikuta mnalisha Muyeye na Mtangani na huku jirani wa ukuta kwa ukuta hamkumfikia. Chagueni mwenyekiti, katibu, mweka hazina. Mweka hazina asiwe ndugu wa mwenyekiti, samahani lakini ndo hivyo.

Hatua ya 2: Pigeni hodi kwa wenye mji

Nendeni kwa imamu, alafu kwa mzee wa mtaa wa nyumba kumi, alafu kwa chifu. Vijana wengi hawataki kwenda kwa chifu, wanasema "kwani kutoa sadaka nako kunaomba ruhusa?" Nakwambia nenda. Sisi tukiwa wachache kila pesa ya msikiti inatazamwa mara mbili. Mwaka 2015 baada ya lile shambulio la Garissa serikali iligandisha akaunti za watu na taasisi 86, yakiwemo mashirika ya haki za binadamu ya hapa hapa pwani, na ilibidi yaende mahakamani ndo yakafunguliwa. Na tangu mambo ya Shakahola ya 2023, ya yule mhubiri na wafuasi waliokufa kwa kufungishwa njaa, hapa hapa kaunti yetu ya Kilifi, kundi lolote la dini likionekana kijijini na magari mtu ana haki ya kuuliza nyinyi ni kina nani. Chifu akiwa anawajua tangu Rajabu, swali hilo linajibiwa na yeye si na wewe.

Kama mnapanga kuendelea mwaka baada ya mwaka jiandikisheni. Kuna sheria ya vikundi vya jamii ya 2022, mnahitaji watu wasiopungua kumi, katiba yenu, muhtasari wa kikao na nakala za vitambulisho, mnaenda ofisi ya maendeleo ya jamii. Ukiwa na cheti ndo benki itawafungulia akaunti ya kikundi, watia sahihi watatu na wawili lazima wasaini. Kama hamjafika huko pitisheni pesa kwenye akaunti ya msikiti, msiwe na haraka.

Onyo: kuzunguka barabarani na mkebe kuomba wapita njia ni jambo jingine kabisa, michango ya hadharani ina sheria yake na inataka leseni. Sisi hatufanyi. Tunachangisha ndani ya msikiti na kwa watu tunaowajua.

Hatua ya 3: Tenganisha pesa (hapa soma polepole)

Mwaka wangu wa kwanza pesa zote ziliingia kwenye simu yangu mwenyewe, pamoja na karo ya mwanangu na deni la shangazi. Siku ya ishirini na tano mzee mmoja akanipigia, kwa upole kabisa, "Mwanangu, ile zaka yangu imemfikia nani?" Sikuwa na jibu. Niliona haya mpaka leo nikimuona sokoni nainamisha kichwa.

Sasa ndo zile bahasha nne. Ziandike kwa herufi kubwa:

*ZAKA.* Hii ni ya mali. Aliye na akiba iliyofikia nisabu, yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu safi, na ikakaa mwaka mzima wa kiislamu, anatoa asilimia mbili na nusu. Njia rahisi ni kugawa kwa 40: mwenye 1,200,000 anatoa 30,000. Bei ya gramu muulizeni sonara siku ile ile, msitumie ya mwaka jana. Kina mama huniuliza sana kuhusu bangili zao, kwa kauli yenye nguvu katika Shafii mapambo halali ya kuvaa hayatolewi zaka, lakini dhahabu uliyoiweka kama akiba hiyo ni habari nyingine. Zaka ina watu wanane waliotajwa katika Surat At-Tawba aya ya 60, haiendi nje yao. Haijengi choo cha msikiti, hainunui spika, hailipi nauli.

*FITRI.* Zaka ya kumalizia Ramadhani, ya kila kichwa, pishi moja ya chakula, nitarudi kwake Hatua ya 9.

*FIDIA NA KAFARA.* Mzee asiyeweza kufunga tena au mgonjwa asiyetarajiwa kupona anatoa kibaba kimoja kwa kila siku. Vibaba vinne ndo pishi, kwa hivyo mwezi wa siku 30 ni pishi saba na nusu. Kafara ya kiapo nayo ni kulisha maskini kumi. Hizi pia ni chakula, usizitie kwenye bahasha ya sadaka ukanunulia madaftari.

*SADAKA.* Hii ndo pesa huru. Nauli ya tuktuk, mifuko ya kupakia, jirani asiye Muislamu, karo, dawa, yote humu. Ithamini sana bahasha hii manake bila yake zile tatu haziendi popote.

Kosa ninaloliona kila mwaka: vijana wanajikatia kidogo kwenye zaka wakisema sisi ni "wanaozitumikia" waliotajwa kwenye aya. Tulimuuliza sheikh wetu, akasema wale ni walioteuliwa na kiongozi wa Waislamu kwa kazi hiyo, nyinyi mmepewa uwakili tu na watoaji. Wakili hali zaka. Tukaacha.

Hatua ya 4: Njia ya kupokea

Laini ile mpya, isajiliwe kwa jina la mtu ambaye jamaa zake wanajua hiyo si pesa yake. Narudia, jamaa zake wanajua, manake mauti haipigi hodi na wewe hutaki warithi wagawane zaka ya watu. Andika barua ya karatasi moja ya kusema laini hii ni amana ya kikundi, shahidi wawili, iwekwe kwa imamu.

Kila anayetuma amuandikie mweka hazina neno moja, zaka au fitri au sadaka. Akitaka kutuma kila mwezi mwambie kuhusu M-Pesa Ratiba, inatuma yenyewe. Kumbuka pia simu ya kawaida haibebi zaidi ya shilingi 500,000, kumi la mwisho la Ramadhani pesa zikija kwa wingi zitagoma kuingia na watu wataanza kusema "imerudi, imerudi", kwa hivyo peleka benki au nunua chakula kabla hapajajaa.

Pesa taslimu ihesabiwe na watu wawili na wote watie sahihi kwenye kaunta buku. Jioni hiyo hiyo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na wala hawakusema hupotea kwa kuibiwa, hupotea tu.

Hatua ya 5: Orodha

Hapa ndo nataka utumie nguvu zako zote.

Usitangaze msikitini "mwenye shida aje ajiandikishe". Tulifanya hivyo mara moja, walikuja wenye sauti kubwa, na wenye njaa walibaki majumbani na heshima zao. Aliyekuja wa kwanza siku hiyo alikuwa na nyumba mbili za kupangisha, alijieleza vizuri sana.

Tembea nyumba kwa nyumba mwezi wa Shaabani, ule wa kabla ya Ramadhani. Wanawake waende kwa wanawake, na wawili wawili. Nyumba ya mjane aliye edani mwanamume hatapita sebuleni, na yeye hawezi kutoka kwenda kusimama foleni kwa miezi minne na siku kumi, sasa nani atamuona kama hakuna dada kwenye kamati? Ndio maana nilisema wasipungue wawili.

Ukiingia usianze na karatasi. Kaa, amkia, uliza hali, tazama. Jiko limewashwa saa ngapi mara ya mwisho utalijua bila kuuliza. Kisha andika: jina la kiongozi wa nyumba, idadi ya watu wanaokula hapo, anayeleta riziki ni nani na anafanya nini, kama kuna mgonjwa, kama kuna mtoto anayenyonya. Basi. Namba ya kitambulisho huihitaji ya nini?

Tunawapanga hivi: fakiri ni asiyefikia hata nusu ya mahitaji yake, maskini ni anayepata lakini hayamtoshi. Fakiri anatangulia. Wenye deni la kweli wanaandikwa karatasi yao, na waliosilimu karibuni karatasi yao. Hawa waliosilimu wasahaulike kabisa? La. Wengine wametoka Magarini au Ganze, nyumbani kwao washaambiwa wasirudi, mjini hawana ukoo, na sisi tunawapigia takbiri Ijumaa alafu Jumamosi hakuna anayejua walilala wapi.

Na waalimu wa chuo. Maalimu anayesomesha watoto wetu Qur'ani kwa ada ambayo nusu ya wazazi hawalipi hatakwambia kamwe kuwa hajapika, kwa hivyo usimuulize, muandike.

Mkimaliza mkae watu watatu mpitie majina moja moja. Kila jina ulizaneni nani amefika nyumba hii kwa miguu yake. Kama hakuna, jina linasubiri.

Onyo kuhusu karatasi hiyo: ni siri. Isipigwe picha, isitumwe kwenye grupu. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa za watu tangu 2019, lakini hata isingekuwepo ungependa jina la mama yako lizunguke na neno "fakiri" mbele yake?

Hatua ya 6: Tangaza

Fupi tu. Tangazo moja baada ya Ijumaa, ujumbe mmoja WhatsApp, na ukae kimya. Sema mnataka nini na kwa familia ngapi, "familia 60, kifurushi kimoja ni bei fulani". Watu hutoa wakijua hesabu. Yale mabango ya "kutoa ni moyo" yenye picha ya mtoto wa jangwani ambaye hata si wa Kenya, achaneni nayo.

Hatua ya 7: Nunua na upakie

Kifurushi chetu cha nyumba ya watu watano sita: mchele kilo 10, unga wa ngano kilo 4, sukari kilo 3, mafuta ya kupika lita 2, maharagwe kilo 2, tende kilo 1, tambi pakiti mbili, majani ya chai. Badilisheni kulingana na kwenu, watu wengine kunde na nazi zinawafaa kuliko tambi. Tuliwahi kuweka kopo za samaki, jamani, kwa nyumba za wavuvi. Walitucheka mwaka mzima.

Kwa familia 60 basi mchele ni kilo 600, magunia 24 ya kilo 25. Unga ni pakiti 120 za kilo mbili, na bele moja ina pakiti 12, kwa hivyo bele kumi kamili. Sukari ni kilo 180, ukichukua magunia manne ya kilo 50 utabaki na 20, nazo utazihitaji manake gunia ukilipima upya kwa vimfuko hupungua, sijui huenda wapi.

Nunua wiki mbili kabla ya Ramadhani. Ikibaki siku tatu bei za sukari na tende hupanda na kila duka la jumla mjini lina foleni. Omba bei kwa watu watatu, chukua risiti, ibandike kwenye kaunta buku. Na kama mwanakamati ana duka, asiuzie kikundi. Hata akipunguza bei. Utanishukuru.

Siku ya kupakia ita vijana, weka mizani miwili, mtu mmoja kazi yake kuhesabu tu bila kubeba chochote.

Hatua ya 8: Gawa

Usiku, baada ya isha, kabla Ramadhani haijaingia. Tuktuk mbili tatu, kila moja na watu wawili na karatasi ya nyumba zao tu, si orodha nzima. Bisha hodi, weka mlangoni, "salamu kutoka kwa jirani zenu", ondoka. Msiwaite watu uwanjani wapange mstari juani huku mheshimiwa akihutubia. Mwanasiasa akitaka kuchangia apokelewe kama mtu yeyote, atume pesa, jina lake liandikwe kwenye kaunta buku mstari wa 47 kama wenzake.

Picha hakuna. Najua wafadhili wa ng'ambo wanadai picha, mpige magunia, mpige risiti, mpige migongo ya vijana wakibeba. Uso wa anayepokea usipigwe. Mwaka fulani kijana wetu mmoja, nia yake njema tu, aliweka statasi ya mama mmoja akipokea unga. Binti ya yule mama akaiona akiwa darasani na wenzake. Mama alirudisha kifurushi chote asubuhi, hata mfuko haukufunguliwa. Tumeambiwa mkono wa kushoto usijue uliotoa wa kulia, sasa wewe umeuonyesha watu 200.

Hatua ya 9: Fitri

Maswali mengi zaidi ya wanaoanza yako hapa.

Kila anayemudu anatoa pishi moja kwa kila mtu anayemlisha, mpaka mtoto aliyezaliwa kabla ya magharibi ya siku ya mwisho. Kwa mizani wanazuoni hukadiria kilo mbili na nusu mpaka tatu, sisi tunachukua tatu kuwa salama. Nyumba ya watu sita ni kilo 18 za mchele. Katika Shafii inatolewa chakula si pesa, kwa hivyo mtu akikutumia pesa amekufanya wakili wa kumnunulia mchele, mwambie hivyo waziwazi, na wewe ununue kweli.

Inafaa tangu Ramadhani ianze, bora zaidi ni asubuhi ya Idi kabla ya swala, na kuichelewesha mpaka jua la siku ya Idi likazama ni dhambi. Sasa wewe una familia 60 za kufikia. Funga kupokea pesa tarehe 26, nunua 27, gawa 28.

Kwa nini 28? Manake nshapata. Mwaka mmoja tulipanga kugawa usiku wa 30, kila mtu alikuwa na hakika mwezi utatimia. Baada ya isha ya 29 redio inatangaza mwezi umeandama, na sisi magunia 18 yamefungwa chumbani na mwenye ufunguo amekwenda Gede kwa wakwe. Tulivunja kufuli. Tuligawa mpaka adhana ya alfajiri, mimi na hina mbichi mkononi.

Hatua ya 10: Hesabu, na kuweka kwa ajili ya kusi

Wiki moja baada ya Idi somea watu hesabu msikitini, kilichoingia kila bahasha, kilichotoka, kilichobaki. Majina ya waliopokea usiyataje.

Alafu hili ndo langu hasa na watu wachache wananisikiliza. Ramadhani miaka hii imekuwa ikiangukia kaskazi, msimu wa upepo wa kaskazini, bahari imetulia, wageni bado wako mahotelini, watu wana vibarua. Njaa ya Malindi haiko hapo. Iko Mei na Juni, kusi, upepo wa kusini, limekaza, mashua ndogo hazitoki, mahoteli mengi yamefunga na wafanyakazi wamerudishwa nyumbani bila mshahara, na mvua juu. Wakati huo hakuna anayechangisha manake "tulishatoa Ramadhani". Kwa hivyo tengeni theluthi ya bahasha ya sadaka muifunge mpaka Mei. Ya sadaka, si ya zaka! Zaka ukishaipokea na wanaostahiki wapo huna ruhusa ya kuilaza. Ushaona sasa kwa nini nilikusumbua na bahasha?

Majirani wasio Waislamu

Naulizwa kwa kunong'onezwa: tuwape? Mtaa wetu ukuta wa kulia ni Muislamu na wa kushoto ni Mgiriama anayekwenda kanisani, watoto wanacheza pamoja, tuktuk ikisimama kwetu kila wiki na kwake isisimame atahisi vipi. Zaka na fitri ni za Waislamu, hapo mikono yetu imefungwa. Sadaka haikufungwa. Qur'ani inawasifu wanaolisha maskini, yatima na mfungwa, na haikuulizwa mfungwa ni wa dini gani. Sisi tunatenga nyumba kumi kila mwaka kutoka bahasha ya nne, kifurushi kile kile, mfuko ule ule, na usimpe mtu chakula huku unamhubiria. Sabaki ikifurika na watu wakahama mashamba hatugawanyi kabisa, tunapika sufuria moja. Mwaka mmoja waliotukopesha sufuria hizo walikuwa kina mama wa kanisa la jirani.

Kama huna pesa

Kuna kuhesabu, kubeba, kuendesha, kusoma ujumbe wa M-Pesa na kuunakili, kupika uji wa futari ya wasafiri pale stendi. Kuna kwenda hospitali kukaa na mgonjwa asiye na mtu. Kuna kutoa damu, ukiwa na miaka 16 mpaka 65 na kilo zisizopungua 50, Ramadhani nenda baada ya kufuturu au ngoja Shawwal, mwezi unaofuata. Wanaojua kuosha maiti wa kike ni wachache mno mitaani, jifunzeni, hiyo haina msimu.

Shida zinazotokea na la kufanya

*Mtu amekuja analia hayumo kwenye orodha.* Usimpe mlangoni na usimfukuze. Andika jina, dada wawili wamtembelee kesho. Ndio maana tunafunga vifurushi vitano vya ziada.

*Mnagundua mliyempa ana uwezo.* Kama ilikuwa zaka na amekubali alidanganya mrudieni kwa siri airudishe. Akikataa mwambieni imamu na mtoaji ukweli. Msimtangaze.

*Aliyepokea ameuza mchele dukani.* Imetokea, watu wakakasirika. Mmoja tulimuuliza, alikuwa na mchele na hana dawa ya presha. Tatizo lilikuwa karatasi yetu, hatukuuliza kuhusu mgonjwa.

*Vikundi viwili mtaa mmoja.* Kutaneni wenye orodha tu, wawili, mlinganishe majina kwa mdomo. Ukishaanza kubishana nani mkubwa, nyumba moja itapata vifurushi vitatu na nyingine sifuri.

*Mtu anataka kutoa kiwanja au nyumba ya kupangisha.* Hiyo ni wakfu, si ya kikundi cha vijana. Mpelekeni kwa kadhi na kwa Tume ya Wakfu, msishike hati hata siku moja.

*Kaunta buku imepotea.* Kila Ijumaa piga picha kurasa za pesa, si za majina, mtumie mwenyekiti. Kama hukufanya, chukua statimenti ya M-Pesa na risiti uanze upya, na uwaambie watu imepotea kabla hawajaambiwa na mwingine.

*Pesa imeingia bila maelezo.* Mpigie aliyetuma, mara tatu siku tofauti. Ikiwa ni kumi la mwisho mpigie zaidi maana huenda ni fitri na saa inakwenda. Asipopatikana kabisa itumie kwa masharti ya zaka, yaani fakiri Muislamu aliye kwenye orodha, mpe chakula. Ikija kujulikana ilikuwa zaka imefika, ilikuwa sadaka imefika pia. Ukiifanya sadaka kwanza ukalipia tuktuk, alafu mwenyewe akapiga simu Shawwal akasema ilikuwa zaka, utailipa kutoka mfukoni mwako. Mimi nshailipa, 4,500.